Unga wa Bi Somoe

Deo alizikwa Jumamosi iliyopita. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, karibu mno na spika, kwa sababu nilichelewa na viti vya mbali vilikuwa vimekwisha. Sisi watu wa filamu tulijikusanya upande mmoja kama kawaida yetu, ila safari hii hakuna aliyekuwa anaringa. Wale waliokuwa wakigombea kucheza mchumba sasa wanaulizana dawa za presha, na dada mmoja aliyesifika kwa kulia mbele ya kamera bila kuambiwa alikuwa amesinzia kabla padri hajaanza. Msoma wasifu alizitaja kazi za marehemu moja moja, na alipofika kwenye "Kamba ya Afande", ile ya askari wa kike na mbwa wake, watu wakaguna kwa kukubali. Nyuma yangu walikaa vijana wawili, umri wa watoto wetu. "Mwanangu, kile kipande cha bibi wa vitumbua," mmoja akasema, "mbwa anamfikia, bibi anapandisha mikono juu, uso umemshuka kabisa. Bongo hii nani anaigiza vile siku hizi?" Mwenzake akajibu, "Yule bibi alikuwa fundi. Sijui mzee alimtoa wapi." Nilitaka kugeuka niwaambie alitolewa wapi. Uchovu ukanijia kabla neno la kwanza halijanitoka, nikaendelea kutazama jeneza.

Bi Somoe hakuwa anaigiza. Alikuwa anauza vitumbua barazani kwake Kariakoo, na mimi nilikuwa nakaa kwake. Nilikotoka na kwa nini nilitoka si mambo ya sura hii. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na yeye alikuwa mjane wa Kilwa, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, amepanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani yenye ukumbi katikati na uani nyuma. Nyumba zile zimekwisha sasa, zimemezwa na maghorofa ya maduka. Mimi mwenyewe nina fremu yangu ya vitenge ghorofa ya tatu kwenye mojawapo ya maghorofa hayo, na lifti ikigoma, kama inavyogoma karibu kila siku, napanda ngazi huku nasimama kila kona nikijifanya napokea simu. Chumba kimoja tulikuwa tunalala. Cha pili kilikuwa cha unga. Humo mlikuwa na ndoo za plastiki zenye vifuniko, zimejaa unga wa mchele ambao Bi Somoe aliuloweka, akauanika na kwenda kuusagisha mashineni yeye mwenyewe, akisimama pale pale mpaka punje ya mwisho, usije ukachanganywa na mahindi ya mtu. Kulikuwa na kopo la iliki, mbuzi ya kukunia nazi, na harufu iliyoingia kwenye nguo zangu zote, hata nikipita mtaa wa mbali mtu aliweza kusema huyu ni wa kwa Bi Somoe. Kazi yangu ilikuwa kukoroga. "Mkono wangu umechoka, mwanangu, koroga wewe," alikuwa akisema, na kwa kukoroga huko nilipata kitanda, chai, na mtu wa kuniuliza kwa nini nimechelewa. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokubali wakati ule.

Deo alikuwa mteja. Kijana wa Moshi, mrefu, ameacha duka la mjomba wake ili atengeneze filamu, jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa unamwombea apone. Ofisi yake ilikuwa Gerezani, juu ya duka la spea, chumba kimoja chenye kompyuta, godoro na feni iliyokuwa inapiga kelele mpaka ikabidi izimwe kila tukirekodi sauti. Asubuhi moja alinikuta nagombana na mtu aliyerudisha kikombe kina ufa. Akasimama na kitumbua mdomoni akitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kuigiza. Nikamwambia naigiza kila siku, ndiyo maana sijampiga huyu bwana. Baada ya wiki nilikuwa Koplo Zawadi, askari wa kikosi cha mbwa, anayemsaka muuza unga mkubwa aliyejificha katikati ya maduka ya Kariakoo. Mhalifu, bila shaka, angekuja kugundulika kuwa ni mchumba wake, kwa sababu miaka ile mhalifu alikuwa mchumba daima. Mimi sikuwa nimewahi kugusa mbwa. Nilipokulia mimi, mbwa ni kitu cha kupigiwa kelele akiwa bado yuko mbali.

Ilinibidi nimwombe Bi Somoe ruhusa, nikamfuata alasiri akiwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilipomwambia kwamba mbwa wa filamu anatafuta unga, alicheka sana. "Unga? Si aje hapa, mimi ndoo zimejaa." Mtu wa Kariakoo ukimwambia unga anakuuliza wa ngano au sembe, lakini ukipunguza sauti kidogo tu anajua unasema ule mwingine, unaomaliza watoto wa watu. Bi Somoe alizijua maana zote mbili na aliichezea ile ya pili kwa sababu haikuwahi kumgusa. Kisha akaacha kucheka. "Utamshika huyo mbwa?"

"Nitashika kamba tu, bibi."

"Na yeye atakushika nini? Mbwa hana kamba peke yake, ana ulimi."

Aliendelea kuchagua mchele huku akinitajia masharti. Nguo za uaskari zibaki ofisini. Nikirudi nisipite ukumbini, nizunguke mpaka bombani nje, nioshe kila mahali mbwa aliponigusa mara saba, moja kwa mchanga. Mchanga wenyewe usiwe wa mtaani. "Mchanga wa Kariakoo wenyewe unataka kuoshwa," alisema, na kweli akamwagiza mpwa wake, aliyekuwa utingo wa lori, amletee kiroba cha mchanga safi kutoka kwao. Hayo niliyakubali bila shida. Sharti la mwisho ndilo lililoniuma. "Na mkorogo wangu huugusi mpaka hiyo filamu iishe."

"Bibi, si nitakuwa nimejitwaharisha?"

"Mimi najua. Lakini wateja wangu hawali imani yako, Hidaya, wanakula mkono wako. Mimi mjini hapa sina shamba, sina nyumba, sina mtoto. Nina jina. Watu wanasema kwa Bi Somoe pasafi, basi. Likiondoka hilo nirudi Kilwa nikakae kibarazani kwa wifi yangu nisubiri kufa."

Nilielewa. Hata hivyo asubuhi nilipomsikia anakoroga peke yake, anapumzika, anakoroga, nilijifunika shuka mpaka kichwani kwa huzuni.

Mbwa aliitwa Tomi. Mwangalizi wake, kaka mmoja wa Masasi aitwaye Festo, alikuwa mlinzi kwenye ghala la mtu njia ya bandarini, na aliwaazima watu wa filamu mbwa huyo mchana wakati wa kulala kwake. Labda ndiyo maana Tomi alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa kwa shughuli isiyomhusu. Alikuwa mkubwa, mweusi mgongoni, na hakutaka kufanya lolote. Festo alijaribu dagaa, akajaribu utumbo, akajaribu kumbembeleza kwa Kimakua. Tomi alilala. Siku ya tatu au ya nne nilifika na vitumbua vya chai ya waigizaji, nimevifunga kwenye gazeti, na kabla sijaviweka mezani mbwa yule aliyekuwa kama gogo akasimama wima, masikio juu, macho kwenye gazeti. "Hicho hicho!" Deo akapiga kelele. Tangu siku hiyo, kila mkoba wa mhalifu ulitiwa kitumbua, na Tomi akawa mbwa wa polisi. Alinusa milango, alinusa mabuti ya magari, alinusa mizigo iliyoshushwa kwenye malori, na usoni alionekana anachukia uhalifu kwa moyo wake wote. Nilipomweleza Bi Somoe chakula chake kinakwenda wapi alininunia wiki nzima. Kisha akaanza kunitengea vile vilivyoungua. "Hivi vya mwenzako," alikuwa akisema, na kunirushia kifurushi kutoka mbali ili asiniguse.

Nikitazama nyuma naona tulikuwa tunamfundisha mbwa jambo moja tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitafakari hadi mwisho. Tulidhani tunamfundisha kutafuta mkoba.

Siku ya kupiga picha za sokoni Deo alikuwa na homa ya furaha. Hatukuwa na uwezo wa kufunga mtaa, kwa hiyo wanunuzi walikuwa wanunuzi kweli na wabeba mizigo wakitutukana kweli. Mhalifu, fundi mmoja wa Gerezani mwenye kovu zuri shavuni, alitakiwa apite na begi, mimi na Tomi tumfuate katikati ya watu mpaka tumkamate. Festo alinizungushia kamba kiganjani mara kadhaa ili mbwa asinichomoke. Deo akaita "Aksheni!" Tomi akainua pua, akanusa upande wa begi lenye kitumbua kimoja cha jana kilichofungiwa zipu, akanusa upande wa pili, ambako mitaa michache mbele Bi Somoe alikuwa anaepua vya moto. Akachagua. Alimpita mhalifu bila kumtupia jicho. Nilijaribu kumzuia, kamba ikanibana, nikaanza kukimbia kwa sababu njia nyingine ilikuwa kuburutwa kifudifudi. Wamachinga walishangilia. "Afande, mbwa wako kaona nini?" mmoja aliuliza, na mwingine, "Mwache, unga uko huko!" Nyuma yangu nilimsikia Deo anahema na kumpigia kelele mpiga picha, "Usizime! Usizime!"

Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, chuma cha vitumbua mbele yake kwenye jiko la mkaa, beseni ubavuni limefunikwa kitambaa cheupe. Kwenye benchi walikuwepo wateja wake wa saa zile wakinywa chai. Tomi alifika, akakisukuma kitambaa kwa pua, akaingiza kichwa chote ndani ya beseni. Hapo ndipo Bi Somoe aliponyanyua mikono. Aliipandisha juu kabisa, viganja wazi, akabaki hivyo. Alikuwa na udhu, na ile ilikuwa mikono yake ya kazi, na alichowaza ni kwamba ulimi wa mbwa usiifikie. Wateja wakasimama wote kwa pamoja, chai ikamwagika, na mzee mmoja akatema kilichokuwa mdomoni mwake, akageuka ukutani akatema tena. Kamera ilikuwa nyuma ya bega langu. Bi Somoe alinitazama, mikono bado juu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hidaya. Mwondoe mwenzako."

Alivimwaga vitumbua vyote. Alilitoa beseni hadharani, katikati ya baraza, akaliosha mara saba na mchanga wa Kilwa huku akihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie, akaosha chuma ambacho mbwa hakukigusa, akaosha kigoda. Jirani yetu, Mama Rukia, alisimama mlangoni mpaka mwisho. "Umeosha, Bi Somoe, hata mimi shahidi," alisema. "Lakini roho yangu imeshakataa." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Hawakumtukana. Walipita kwa adabu, wakamwamkia, wakaenda kununua maandazi kona ya pili. Wapo waliomshauri anifukuze, na niliwasikia kupitia dirishani nikiwa nimelala. Bi Somoe aliwajibu kwa kero, "Hidaya hakumleta mbwa, mbwa ndiye aliyemleta Hidaya. Hamkuona anavyoburutwa?" Nililia kwa kumsikia akinitetea na kwa kujua kwamba kunitetea kulikuwa kunamwongezea hasara. Kidogo kidogo, baada ya miezi, Mama Rukia alirudi na kikombe chake, na wengine wakamfuata. Niliamini yamekwisha, ingawa Bi Somoe alikuwa bado hajanirudishia mkorogo.

Msibani, wakati tunagawiwa chakula, mwongoza shughuli alipita na kipaza sauti akiniomba niseme neno kuhusu marehemu, kwa kuwa mimi ndiye Koplo Zawadi mwenyewe. Nilimwonyesha koo kwa kidole kama mtu mwenye mafua. Deo sikumchukia wakati ule na simchukii sasa, na sina nguvu ya kuanza. Alikuwa mtu mkarimu aliyependa picha nzuri kuliko alivyowaona watu waliomo ndani yake. Filamu ilipokuwa karibu kutoka alikuja barazani na khanga mpya, akampa Bi Somoe kwa mikono miwili, akamwamkia "Shikamoo, mama" kwa heshima zote, akamwambia amebaki ndani ya filamu. Bi Somoe akaitikia "Marahaba" na kuuliza, "Nimebaki vipi?" Deo akasema vizuri sana. Mimi sikungoja, nilikwenda Gerezani siku ile ile nikajionee.

Hadithi ilikuwa imebadilika. Mchumba wangu hakuwa tena mhalifu. Sasa palikuwa na mama wa mhalifu, bibi kizee anayeuza vitumbua kama kinga, unga umefichwa chini ya beseni. Mbwa anamfikia, bibi anajua siku yake imefika, anapandisha mikono kujisalimisha. Halafu mkono wa askari unaingia kwenye beseni na kutoka na pakiti nyeupe. Ule mkono ulikuwa wa Deo, ndani ya mkono wa shati langu la uaskari, na ulikuwa na manyoya. Nikamwambia, "Deo, huyu si muigizaji. Huyu anauza vitumbua kweli, mtaa wa tatu kutoka hapa."

"Dada Hidaya, watu wanajua ni filamu."

"Wa mtaani kwetu watajua. Wengine je?"

Aliinama, akajikuna kichwa. Naamini alikuwa anafikiri kwa dhati. "Nikikiondoa kile," alisema mwishowe, "inabaki filamu ya mbwa anatembea." Tena msambazaji alikuwa ameshaichukua. Nikashuka ngazi nikiwa nimechoka kama mtu aliyebeba viroba.

Tuliitazama chumbani kwa Mama Rukia, Jumapili alasiri, nyumba nzima imejipanga mkekani. Bi Somoe alikaa mbele. Alipojiona alisogea karibu na televisheni. "Kumbe mgongo umeshapinda hivi, na hamniambii." Mikono yake ikapanda juu. Pakiti ikatoka. Bi Somoe akanigeukia. "Ule mkono wa nani?"

"Wa Deo, bibi."

"Mbona una manyoya?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga ile mpya. Nikashusha pumzi.

Jina lilianza kama utani. Vijana wa maduka walipita wakimwita, "Bi Unga, leo mzigo upo?" naye aliwajibu, "Upo, wa mchele," na wakanunua. Kwa wiki kadhaa biashara ilipanda, wageni wakija kumwona bibi wa kwenye filamu na kupiga naye picha. Kisha akaja kijana mmoja aliyekonda, shati limemning'inia, macho yanatafuta mahali pa kukaa. Hakucheka. Alichuchumaa mbele ya jiko na kumwambia kwa unyenyekevu, "Bibi nisaidie, nimeambiwa kwako upo." Bi Somoe alimpa vitumbua viwili kwenye kipande cha gazeti. Yule kijana alikipasua cha kwanza, akatazama ndani, akakipasua cha pili, akatazama ndani, akabaki amevishika vipande. "Kula, mwanangu," Bi Somoe alimwambia, "hamna kitu kingine." Kesho yake alirudi na mwenzake. Baada ya siku chache walikuwa kundi, wamekaa ukutani kwa utulivu wakisubiri bibi abadilishe mawazo. Hawakuiba wala kutukana, lakini wazazi wakaacha kutuma watoto kununua, na benchi likabaki na mateja peke yao. Bi Somoe hakuwafukuza. Aliacha tu kujibu utani wa watu, na mimi nikaanza kuhofia kwamba ataniambia amekata tiketi ya basi la Kilwa.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, akaja Mzee Kondo, mjumbe wetu, na mgambo wawili. Alikuwa amevaa kanzu na kofia kama anayekwenda kuposa, na aibu ilimjaa. "Somoe, mimi nakujua," alisema. "Lakini maneno yamefika kwangu. Nisipoyafuata mimi yatakwenda kituoni, na huko hawatakuja na adabu. Tuache tuangalie huo unga, tukawafunge watu midomo."

Watu wakaanza kujaa. Mama Rukia alitoka, wauza viatu wakaacha meza zao, hata vijana wa ukutani wakasimama. Bi Somoe aliwatazama wale mgambo, akatazama mikono yao, mmoja ameshika kirungu na mwingine ametoka kuvuta sigara. Akaamka kwenye kigoda taratibu.

"Hao hawatii mkono kwenye unga wangu," alisema. "Askari ninaye humu ndani. Ndiye aliyenikamata, nchi nzima imeona. Hidaya! Toka uje unipekue."

Nilitoka. Alikuwa ameshaziburuta ndoo zake mpaka barazani na kuzifunua. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, mkono wangu…" Aliniuliza kwa sauti ya juu, "Filamu imeisha, haijaisha?"

"Imeisha."

"Basi nawa, upekue."

Nikanawa mbele ya wote. Nikakunja mikono ya gauni, nikatia mkono kwenye ndoo ya kwanza mpaka kwenye kiwiko. Unga ulikuwa baridi na laini, nilikuwa nimeusahau. Nilipapasa chini, pembeni, katikati, nikatoka, nikaingia ya pili, mpaka ya mwisho. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuwa na mkono msafi wa kuyafuta.

"Umepata nini?"

"Sijapata kitu."

"Sema wasikie."

Nilikuwa na sauti moja tu ya kusikika mtaa mzima, ile Deo aliyonifundisha ya Koplo Zawadi, ya kutokea tumboni. Nikaitoa. "Huu ni unga wa mchele! Unga wa mchele, wa kula!" Hakuna aliyecheka. Mzee Kondo akavua kofia, akamwomba Bi Somoe radhi mbele ya watu, akaondoka na vijana wake.

Watu hawakuondoka. Walikuwa wanatazama mikono yangu, ile ile iliyoshika mbwa, iliyokuwa myeupe mpaka kiwikoni, na ndoo zilizokuwa wazi, na kila mmoja pale alijua anachosubiri. Bi Somoe angeumwaga ule unga wasingemshangaa. Wengi, nadhani, wangerudi kununua kesho yake. Alinitazama, akawatazama wao. Akachukua sufuria kubwa, akachota unga mle mle nilimopekua, akatia hamira, akamimina tui, akaisukuma kwangu kwa mguu.

"Mikono si imeshaingia?" alisema. "Koroga."

Nikakoroga. Tulipokuwa tunangoja mkorogo uumuke watu walipungua, na chuma kilipopata moto walibaki wachache sana. Kitumbua cha kwanza alikila yeye, amesimama, bila kusubiri kipoe. Siku ile hakuna aliyenunua. Tulikaa barazani mimi na yeye, sinia moja katikati yetu, tukala, na kila aliyepita Bi Somoe alimwita kwa sauti yake yote, "Karibu! Karibu, tunakula!" Wakasema asante, wameshiba, wakapita. Akanisogezea kingine.